Fulana ya Kongowea na Wimbi la Supertubes

Mwaka 2009, nikiwa kidato cha tatu, nilinunua fulana ya mtumba katika soko la Kongowea, Mombasa, kwa shilingi hamsini, robota likiwa ndiyo kwanza limefunguliwa na wachuuzi hawajaondoa zilizo nzuri. Ilikuwa ya buluu iliyopauka, kifuani ina nembo ya Billabong, kampuni ya nguo za wateleza mawimbi, na mgongoni ina picha ya wimbi refu linalojikunja kama mkeka, na chini yake maandishi mafupi: J-Bay. Ndani ya wimbi lile alikuwamo mtu mmoja juu ya ubao, amejikunyata chini ya paa la maji, na pande zote hapakuwa na mwingine. Mimi ni mtoto wa Kilifi. Kwetu mawimbi yalikuwa kitu cha kuvuka kwenye mlango wa mwamba ukiwa ndani ya dau, na msimu wa kusi yalikuwa sababu ya wazee kushinda nchi kavu wakitengeneza nyavu. Kwamba mtu anaweza kuyafuata mawimbi kwa hiari yake, akayapanda, akashuka, kisha akarudi kuyafuata tena, ni wazo ambalo sikuwa nalo kabla ya fulana ile.

Naanza na fulana kwa sababu nimeulizwa mara nyingi, katika miaka hii ya kuishi Rasi ya Mashariki nchini Afrika Kusini, ni kitu gani kilichojaza watu namna ile katika wimbi la Jeffreys Bay, mji wa pwani ambao wengi huufupisha J-Bay, na anayeuliza karibu kila mara huwa na jibu lake tayari, nalo ni mashindano ya kuteleza mawimbi. Zamani nami nilikuwa na jibu hilohilo, na nililitoa kwa sauti ya mwenyeji anayelalamikia wageni, nikisahau kwamba mimi mwenyewe nililetwa na fulana.

Nilifika Port Elizabeth, jiji ambalo tangu 2021 linaitwa Gqeberha, mwaka 2012 kwa ajili ya masomo, na Jumamosi ya pili nikapanda matatu, ambayo huku huitwa teksi, hadi Jeffreys Bay, mwendo wa kilomita 75 hivi kuelekea magharibi. Mji huo una mfululizo wa sehemu ambazo wimbi huvunjika, na kila moja ina jina lake na watu wake: Kitchen Windows, Magna Tubes, Boneyards, Supertubes, Impossibles, Tubes, Point, Albatross. Supertubes ndiyo ya kwenye fulana. Siku nzuri za majira ya baridi, kati ya Mei na Septemba, mawimbi hutoka bahari ya kusini, yakakutana na upepo unaovuma kutoka nchi kavu na kuyasimamisha wima, na mtu anayejua kazi yake huweza kuteleza mita mia tatu na zaidi kabla wimbi halijamwacha. Sikuthubutu kuingia pale kwa miaka minne. Nilijifunza Kitchen Windows kwa ubao wa sponji, katika baridi ya maji ambayo mtu wa Kilifi hawezi kuizoea hata akivaa suti ya mpira, na jioni nilikaa juu ya tuta la mchanga nikiitazama Supertubes kama mtoto anayetazama mpira kupitia tundu la uzio wa uwanja.

Ilitokea kwamba nilifika wakati wa ukimya. Mashindano makubwa yaliyokuwa yakifanyika pale kila Julai yalishushwa daraja mwaka 2012, na hayakurudi katika ziara ya ubingwa wa dunia, yaani mfululizo wa mashindano yanayozunguka nchi mbalimbali, hadi 2014. Kwa hiyo niliona majira mawili ya baridi bila jukwaa kubwa, na nakumbuka vizuri kwamba maji hayakuwa matupu hata kidogo. Jambo hilo lingeweza kunifundisha mapema, lakini sikulizingatia.

Tangu 2015 nafanya kazi katika karakana ya kutengeneza mbao za kutelezea mawimbi zilizovunjika au kutoboka. Mwenye karakana ni mzee anayezungumza Kiafrikana, na sote tunamwita Oom, neno ambalo kwao ni mjomba na pia ni heshima kwa mwanamume yeyote aliyekuzidi umri. Jambo la kwanza alilonifundisha, hata kabla ya kuchanganya resini, ni kusoma jeraha. Jeraha la mwamba ni pana na la ovyo; faibaglasi huwa imepondeka, na ukilipitishia kidole unakutana na chembe nyeusi za magamba ya kome, kwa kuwa miamba ya pale imevaa kome kila upande. Jeraha la pezi, kile kibao chembamba kinachosimama chini ya mkia wa ubao, ni jembamba, limenyooka, lina midomo safi kama mkato wa kisu. Huingia ukingoni mwa ubao na mara nyingi hufika kwenye povu la ndani, ambalo likishanyonya maji ya chumvi hugeuka rangi ya manjano. Mwamba hukujeruhi ukiwa peke yako, bali pezi ni la mtu mwingine. "Ukitaka kujua bahari ilikuwaje leo," Oom aliniambia, "huna haja ya kwenda ufuoni. Hesabu mapezi."

Nimekuwa nikiyahesabu. Sikuanza kwa nia ya utafiti. Daftari la karakana lina safu ya kuandika aina ya uharibifu, kwa sababu bei hutegemea hilo, na baada ya miaka kadhaa nikaanza kuisoma safu hiyo kwa jicho jingine. Majira ya kwanza mwamba uliongoza kwa mbali, lakini siku hizi, katika wiki nzuri za Julai, mapezi huupita. Kilichonishangaza zaidi ni tarehe. Nilitarajia kwamba siku zenyewe za mashindano ndizo zingekuwa na mikato mingi, kumbe ndizo siku tulivu kuliko zote. Mchuano unapoendelea, Supertubes hufungwa kwa umma. Waandaaji hujiwekea muda wa kusubiri wa siku kumi au zaidi, wakachagua zile chache zenye mawimbi mazuri, na katika siku hizo wimbi ambalo kwa kawaida lina watu sitini au themanini huwa na washindani wawili au watatu tu. Walioondolewa huhamia Point na Magna Tubes, wakawasukuma waliokuwa pale, nao wakawasukuma wanaojifunza, hata daftari langu la siku hizo likajaa mbao za sponji zilizochanika. Mikato ya pezi kutoka Supertubes huanza kumiminika jukwaa likishabomolewa, na haiishii Julai. Huja tena Agosti, na mwaka unaofuata hutangulia mwezi Mei, ikiletwa na watu ambao hawakuwahi kuhudhuria mashindano hata siku moja, waliyatazama tu.

Mtu aliyeko Durban, Lisbon au São Paulo anayefuatilia matangazo ya moja kwa moja huona wanamichezo wawili wakigawana wimbi linalosifiwa kuwa bora duniani kati ya yale yanayovunjika kuelekea kulia kwa mtelezaji, kwa nusu saa nzima, chini ya kanuni inayompa mmoja wao haki ya kwanza na kumwadhibu mwenzake akimwingilia. Haoni wale themanini, kwa sababu wamesimama juu ya tuta nyuma ya kamera wakisubiri jioni. Kinachotangazwa pale, pamoja na bia, saa na suti za mpira, ni utupu. Juu ya utupu huo watangazaji, ambao wengi wao walikuwa wateleza mawimbi hodari, huongeza elimu ya bure: wimbi likipita Boneyards litakuwaje, mtu akae wapi, maji yakipwa kipi hubadilika, sehemu gani ya wimbi hufunga ghafla. Elimu hiyo Oom aliipata kwa miaka ya kukaa majini na kukaripiwa na wakubwa wake. Siku hizi huja karakanani kijana aliyeshuka kwenye ndege juzi, akakueleza mahali pa kukaa Supertubes kwa usahihi wa kukuchekesha, asijue kwamba wenzake hamsini walioshuka na ndege nyingine wameelezwa mahali palepale.

Hesabu yake ni rahisi na haina huruma. Nimekaa juu ya tuta mara nyingi nikihesabu kwa saa ya mkononi. Siku ya kawaida yenye mawimbi mazuri, seti huja ikiwa na mawimbi matatu hadi sita, kisha hupita kama dakika kumi bila kitu. Tuseme ishirini na tano kwa saa. Watu wakiwa sitini, na kila wimbi likienda kwa mtu mmoja kama adabu ya bahari inavyotaka, kila mtu angepata moja kwa zaidi ya saa mbili, na hapo tumejifanya kwamba yanagawanywa sawa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kumi wenye uwezo zaidi huchukua karibu yote. Waliobaki, wakiwa na hamu waliyoibeba miaka mingi na tiketi ya ndege isiyoongezewa siku, hufika wakati wakaanza kudandia, yaani kupanda wimbi ambalo tayari ni la mwingine.

Tarehe 19 Julai 2015 nilikuwa juu ya tuta pamoja na umati mkubwa, Waaustralia Mick Fanning na Julian Wilson walipoingia fainali ya mashindano, na dakika chache baadaye tukaona pezi ambalo halikuwa la ubao bali la papa likitokeza nyuma ya Fanning. Alitoka salama, Wilson naye salama, fainali ikafutwa na wote wawili wakahesabiwa washindi wa pili. Jirani yangu pale tutani, mwanamume mtu mzima, alisema kwa utulivu wa kutisha kwamba sasa hatimaye tutapata nafasi. Alikosea. Picha zile zilizunguka dunia nzima, zikafika hadi Kilifi, maana shangazi yangu alinipigia simu usiku ule akinisihi nirudi nyumbani. Na kwa wiki nyingi baadaye wateja waliniuliza, tena kwa shauku, ni wapi hasa ilipotokea. Mwaka uliofuata Fanning alirudi, akashinda palepale. Hakuna mtaalamu wa matangazo ambaye angeweza kuitunga hadithi ile akaaminiwa.

Majira mawili yalinisaidia kulipima jambo hili. Mwaka 2021 mashindano yalifutwa kwa sababu ya Uviko, na kuanzia mwisho wa Juni hadi karibu na mwisho wa Julai serikali ikapiga marufuku safari za starehe za kutoka na kuingia Gauteng, mkoa wa Johannesburg na Pretoria, huku fukwe zikiachwa wazi. Wageni wa nje walikuwa wachache mno. Asubuhi moja ya mwezi ule, kukiwa na mawimbi ya urefu wa mtu na nusu, nilihesabu watu kumi na tisa Supertubes, na nikapata mawimbi mengi kwa asubuhi moja kuliko niliyoyapata kwa majira yote yaliyotangulia. Karakana nayo ilikosa kazi kiasi kwamba Oom alitulipa nusu mshahara, akituomba radhi kila Ijumaa. Kisha mwaka 2024 ziara ya ubingwa haikufika Jeffreys Bay kabisa, na barabara zilikuwa wazi, nasi baadhi yetu tukatarajia kuiona 2021 ikirudi. Haikurudi. Watu walikuwa walewale, pengine waliongezeka, kwa sababu picha za miaka iliyopita zilikuwa bado zinazunguka simu hadi simu, na kamera zilizotazama bahari na tovuti za utabiri ziliwaambia wote kwa pamoja kwamba Alhamisi kutakuwa na mawimbi. Ndipo nilipoacha kuyalaumu mashindano peke yake. Jukwaa lenyewe hukaa siku chache likaondoka, lakini picha yake haina siku ya kubomolewa.

Ushahidi mwingine hutufikia umefungwa kwa utepe wa gundi, mbao zilizokatika vipande viwili kutoka Skeleton Bay, pwani ya jangwa karibu na Walvis Bay nchini Namibia. Mahali pale hapajawahi kuwa kituo cha ziara ya ubingwa. Palijulikana baada ya jarida moja la Marekani kuwashindanisha wasomaji wake, mwaka 2007, kutafuta mawimbi mapya kwa picha za setilaiti za Google Earth, na mwaka uliofuata mtaalamu mmoja akapigwa picha za video akiwa ndani ya wimbi kwa muda ambao hakuna aliyeusadiki. Tangu hapo, utabiri ukitangaza mawimbi, watu huruka kutoka mabara mengine kwa siku mbili tatu tu. Mchanga wa pale ni mgumu kama sakafu, na wimbi lina nguvu, hivyo nusu ya walichokwenda nacho huishia kwenye meza yangu, au jalalani.

Sasa nieleze kosa langu, maana nimesema mengi juu ya wengine. Mashindano ya 2017 yalikuwa na mawimbi ambayo hata wazee waliyasifu, na Filipe Toledo wa Brazil alipewa alama 10 kamili kwa wimbi moja aliloruka nalo hewani mara mbili kabla ya kuendelea nalo, akawa bingwa. Yalipokwisha, maji yakafunguliwa, nasi tukamiminika kama wanafunzi waliopigiwa kengele. Nilikuwa nimekaa wiki nzima nikitazama, na mwili wangu ulikuwa na kiu. Baada ya saa nzima ya kusukumwa likaja wimbi, nikaona ubao mmoja mdogo ndani zaidi yangu, karibu na mahali wimbi linapovunjika, yaani kwa sheria lilikuwa lake, na nikajiambia kwamba mtoto yule hataliweza. Nikadandia. Aliliweza vizuri sana. Alikuja kwa kasi, akakosa pa kupita, tukagongana, na pezi langu likachana ukingo wa ubao wake kwa urefu wa kiganja.

Alikuwa mvulana wa miaka kumi na minne hivi kutoka Pellsrus, mtaa ambao enzi za ubaguzi ulitengewa wale ambao sheria iliwaita machotara. Hakunitukana. Aliushika ubao wake juu ya maji, akautazama mkato, akaniambia, "Bhuti, nilikuwa nalisubiri hilo tangu asubuhi." Bhuti ni kaka kwa Kixhosa, na ni namna ya heshima ya kumwita mwanamume mkubwa kidogo kuliko wewe, heshima hiyo ilinichoma kuliko tusi. Nilimtengenezea ubao usiku uleule, nikakaa nikipiga msasa hadi saa sita, na nilipokuwa nikipiga msasa niliwaza mambo ambayo sikuwa nimeyaunganisha. Babu yake yule mvulana, kwa sheria ya mwaka 1953, angeweza kufukuzwa katika ufuo wa watu weupe hata kama alizaliwa akiusikia. Kwa kuupinga mfumo huo Tom Carroll, Mwaustralia aliyekuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa kuteleza mawimbi mara mbili, alikataa mwaka 1985 kushindana Afrika Kusini, na wenzake wachache wakamfuata. Sheria ile ilifutwa 1990. Mvulana anaishi mwendo wa kutembea kwa miguu, ana ubao mmoja alioachiwa na mgeni, hana gari la kukimbilia mahali pengine Supertubes ikijaa, na kinachomzuia siku hizi hakijaandikwa popote. Ni sisi tu, wingi wetu, kila mmoja na picha yake kichwani.

Siwezi kusema kwamba sinufaiki. Julai hulipa kodi yangu ya nyumba ya miezi mitatu, nyumba za wageni hujaa, akina mama wanaouza maandazi ya kienyeji, yanayoitwa vetkoek, huamka saa tisa usiku kukanda unga, na baadhi ya vijana wa Pellsrus wameajiriwa katika shule za kufundisha wageni kule Kitchen Windows. Anayekuambia mji huu ungekuwa bora bila sifa yake, mara nyingi ana pensheni.

Mashindano ya ubingwa yalirudi Julai 2025. Mwezi uliofuata Oom, ambaye biashara ilimwendea vizuri, aliniomba niifungulie karakana ukurasa mtandaoni na kuweka picha nzuri ya Supertubes, kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri kwenye simu. Nilipanda tutani alfajiri. Niliwahesabu kwa mazoea, walikuwa arobaini na saba. Nikasubiri karibu saa moja hadi wimbi moja likampitisha msichana mmoja mbali na kundi, chini kuelekea Impossibles, jua likiwa linapenya ndani ya maji, nikapiga picha, na niliporudi karakanani nikakata upande wa kulia, palipoonekana vichwa. Ilikuwa picha safi sana. Oom aliisifu.

Wiki tatu baadaye akaja mteja kutoka Pretoria, akaufungua mfuko wa ubao wake juu ya meza: mkato mmoja, umenyooka, ukingo wa kulia, povu limeshaanza kugeuka manjano. Wakati nikiupima kwa kidole alitoa simu, akanionyesha picha yangu, akaniuliza kwa adabu pale palipo patupu ni upande gani, maana amezunguka siku nne hajapaona. Nilimwandikia risiti, nikamwambia ubao utakuwa tayari Alhamisi.